Kushika Marafiki wa Chama: Simu Pamoja na Miguu

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama, hapa Goma. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.



Komite ilituomba, sisi tunaotembea katika vijiji vyenu, tuzungumze juu ya neno moja. Marafiki waliotuandikia kila siku wakati wa kambi, mbona wamenyamaza? Na tufanye nini ili tusikilizane nao tena? Tutasema wazi, maana wengi wenu munatujua tangu Bulengo na Kanyaruchinya, na hakuna sababu ya kufichana.

Kwa nini simu zimenyamaza

Munakumbuka mwezi wa pili wa mwaka 2025. Katika siku chache tu, kambi zilizozunguka mji huu, Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya, zilivunjwa. Watu walikunja maturubai, wakabeba masufuria na bido za njano, wakashika barabara ya Sake au ya Rutshuru. Wengine walirudi kwa furaha. Wengine walirudi kwa sababu hapakuwa tena mahali pa kubaki. Walipofika, wengi walikuta nyumba haina mabati na shamba limekuwa pori.

Kwa rafiki aliye mbali, siku zile kitu kimoja kilipotea: picha. Alizoea kuona mahema juu ya mawe meusi ya volkeno, mstari wa bido kwenye bomba, mtoto anayetetemeka kwa baridi. Leo kuna mtu mmoja na jembe lake kule Masisi. Huyo hapiti kwenye habari. Rafiki anasema moyoni, wamerudi kwao, basi mambo yameisha. Sisi tunajua kwamba kurudi ndipo kazi inapoanza: mbegu, mabati, minervali ya watoto wa sekondari, mbuzi wa kwanza.

Tena misaada mikubwa imepungua. Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu katika nchi yetu. Januari 2025 ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la USAID likafungwa. Munayaona magari meupe yalivyopungua barabarani. Na mabanki ya Goma yalifunga milango mwisho wa Januari 2025, hata mtu mwenye nia njema anajiuliza: pesa yangu itapita wapi?

Tumebaki na marafiki wadogo. Dada aliye Kampala. Kaka anayefanya kazi ya usiku kule Brussels. Jirani wa zamani aliye Canada. Mama mwenye butiki pale Birere. Mwalimu wa Himbi aliyepokea watoto wasio wake. Mmoja peke yake hawezi kutuezekea kijiji. Wakiwa wengi, na wakikaa nasi muda mrefu, wataweza. Swali la leo ni hilo la kukaa muda mrefu.

Jambo hili tunalijua tangu zamani

Vijana wakisikia mitandao ya kijamii wanafikiri Facebook na WhatsApp. Wamama wanajua mtandao mwingine: likelemba. Mama anatoa franga zake kila juma bila karatasi yoyote ya serikali. Anatoa kwa sababu anawajua wenzake, anajua mlango wa kila mmoja, na anajua zamu yake itafika. Akikosa kumwona mmoja wao sokoni mara mbili, anakwenda kuuliza nyumbani. Mambo ni matatu tu: kujuana, kutoa hesabu, kufuatana. Hakuna mtaalamu wa Ulaya aliyekuja kutufundisha hayo.

Tuliyaona pia wakati wa volkeno. Nyiragongo ililipuka Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021. Tarehe 27 watu wa sehemu kubwa ya mji waliambiwa waondoke. Wengine walivuka Gisenyi, wengine walikwenda Minova au Rutshuru, na wengi sana walikwenda Sake kwa miguu, godoro kichwani. Watu wa Sake walifungua nyumba, makanisa na mashule. Kisha ikafika Februari 2024, vita ikasogea, na watu wa Sake wenyewe wakakimbilia huku Goma. Kuna wanachama wenu waliotuambia: walipiga namba ya simu waliyoiandika mwaka 2021, na ile namba ikaitika. Kwa nini iliitika? Kwa sababu katika ile miaka mitatu walikuwa wanasalimiana. Sikukuu, msiba, mtoto amezaliwa. Hawakusubiri siku ya shida.

Sasa tujiulize. Wale marafiki waliotutumia kitu tulipokuwa kambini, nani kati yetu amewapigia bila kuomba?

Picha ya Rumangabo

Tuchukue mfano wa hapa hapa kwetu. Aprili 2019, mlinzi mmoja wa Hifadhi ya Virunga, Mathieu Shamavu, alijipiga picha kwa simu pale Rumangabo. Nyuma yake walionekana gorila wawili, Ndakazi na Ndeze, wamesimama wima kama wababa kwenye mkutano. Picha ile ilizunguka dunia nzima.

Watu walicheka. Hifadhi ingeweza kuachia hapo, ikafurahia kujulikana. Lakini ilieleza gorila wale ni akina nani: ni mayatima, wanalelewa katika kituo cha Senkwekwe. Ndakazi alipatikana mwaka 2007, akiwa na umri wa miezi miwili, ameshikamana na mwili wa mama yake aliyeuawa. Ilieleza pia kwamba picha ya namna hiyo haifanywi na kila mtu, kwamba gorila wa porini hawasogelewi vile. Na nyuma ya picha kulikuwa na mlezi, André Bauma, aliyekuwa na Ndakazi tangu utoto wake. Septemba 2021 Ndakazi alipokufa baada ya ugonjwa wa muda mrefu, alikufa mikononi mwa Bauma huyo huyo. Wengi waliocheka mwaka 2019 walihuzunika mwaka 2021, kwa sababu sasa walikuwa wanamjua kwa jina.

Tunajifunza nini? Picha inafungua mlango tu. Kinachomfanya mgeni aingie na kukaa ni jina, habari inayoendelea mwaka kwa mwaka, na mtu yule yule anayeisema. Hifadhi ikisema ukweli hata juu ya picha inayochekesha, watu wanaiamini siku inapoleta habari ya kifo.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, na hapo sisi tulianguka. Gorila hawezi kuulizwa kama anakubali picha yake itembee. Mama anaweza.

Kosa letu

Wakati wa kambi tulipiga picha ya mama mmoja, mjane, amekaa mbele ya hema na watoto wake, analia. Mvua ilikuwa imebeba chakula chao. Tulimwambia, "Mama, tunapiga picha kwa ajili ya msaada," naye akaitika kwa kichwa. Sisi tuliita hiyo ruhusa. Jioni tukaiweka kwenye Facebook, na jina la kambi chini yake.

Ilitembea kuliko kitu chochote tulichowahi kuweka. Mioyo myekundu, mikono ya kuomba, "poleni sana" kutoka nchi ambazo hatukujua kama tuko na marafiki huko. Tulifurahi, tusiwadanganye. Tulikaa tunahesabu mioyo kama vile ni dola. Mwisho wa mwezi mweka hazina alifungua daftari. Kutoka kwa picha ile hakukuwa hata mtu mmoja aliyetuma na kuendelea.

Baadaye binti mkubwa wa mama yule alirudi kutoka shule akikataa kula. Wenzake walikuwa na ile picha. Alimwambia mama yake hivi: "Mama, sura yetu iko inatembea mu ma telefone ya batu." Mama akaja kwetu. Hakupiga kelele. Alisema, "Wana, nilikuwa na shamba, nilikuwa na ng'ombe wawili, nilikuwa napokea wageni. Sasa kwa macho ya batu bote mimi ni ule wa kulia tu." Tuliifuta picha siku ile ile, lakini watu walikuwa wameshaichukua. Hatuwezi kuirudisha.

Na kuna jambo la kuogopesha zaidi ya haya. Sisi tuko Kivu Kaskazini. Sura ya mtu, jina la kijiji, habari kwamba fulani amepokea pesa, vinaweza kumfikia mtu mwenye bunduki kabla ya kumfikia mfadhili. Aliyekimbia anaweza kuwa na mtu anayemtafuta. Sisi wenyewe tumesoma shule ndefu na tulikuwa hatujafikiri vizuri juu ya hilo.

Kwa hiyo tumejiwekea sheria, na tunaomba chama kiishike pia. Kabla ya picha, maswali matatu, kwa lugha ya mwenyewe: Je, unakubali picha ipigwe? Unakubali ionekane na nani, na kwa muda gani? Na ukibadilisha nia kesho, unajua unampigia nani? Kisha tunamwonyesha picha yenyewe kwenye simu kabla ya kuituma. Akisema hapana, ni hapana, na msaada wake haupungui hata kidogo. Watoto hatuweki sura zao. Jina la kijiji kidogo hatuandiki. Siku ya kugawa mbegu, njia tutakayopita, kiasi cha pesa tulichobeba, hayo hayapiti kwenye mtandao mpaka kazi imekwisha na watu wamefika nyumbani.

Sauti ya maharagwe

Sasa habari nzuri. Waliorudi mwezi wa pili walifika wakati wa msimu B, na wale waliopata mbegu walipanda maharagwe haraka haraka. Mama mmoja wa barabara ya Sake alituomba tumsaidie kutuma sauti kwa dada aliyewahi kumlipia dawa za mtoto wake kambini. Ile sauti ilikuwa fupi, chini ya dakika moja. Unasikia kuku, unasikia upepo. Anasema: "Dada, ni miye. Tulifika. Mutoto alipona. Maharagi inaota, njo naona nikuambie." Basi. Hakuomba kitu.

Yule dada alisikiliza sauti ile akiwa ndani ya basi, mbali sana na hapa, na alituambia aliirudia mara nyingi. Kesho yake aliuliza: jembe moja linauzwa ngapi sasa huko kwenu? Leo yeye ni mmoja wa wale wanaotoa kila mwezi, na amewaleta wenzake wawili wa kanisa lake.

Pigeni hesabu wenyewe. Picha ya machozi iliyoonwa na watu wengi, na sauti iliyosikilizwa na mtu mmoja. Sauti ndiyo iliyojaza daftari. Yule dada hakuwa anamwona maskini. Alikuwa anasikia mtu anayemjua, anayeongea Kiswahili cha kwao.

Namna ya kufanya

Tumetoa hapa mambo sita. Si mengi.

La kwanza, kila chombo na kazi yake. Facebook ni kama alama ya barabarani: inaonyesha kwamba chama kiko, haiwezi kubeba urafiki. WhatsApp ni baraza letu, tuiwekee sauti na picha ndogo, kwa sababu mega ni bei kali na wanachama wengi hawasomi kwa haraka. Wazee wapigiwe simu ya kawaida. Na wafadhili wa hapa Goma, wale wa Birere, Katindo, Majengo, tuwafuate kwa miguu. Mama wa butiki hataki ujumbe, anataka kukuona umekuja na majani ya maboga mkononi kumwambia aksanti.

La pili, tusimwache nyuma mwenye simu ya tochi. Wanachama wengi hawana simu ya kuonyesha picha, na katika vijiji vingine mtandao unapatikana juu ya kilima tu. Kila kijiji kichague kijana na mama mmoja, wachukue sauti za wenzao mara moja kwa mwezi, wazitume siku ya soko wakifika penye mtandao. Chama kiwape mega. Tusifanye kwamba anayesikika ni yule tu mwenye telefone nzuri.

La tatu, tuombe kitu chenye jina na bei. "Tusaidieni" ni neno linalochosha. Mtu hajui litaishia wapi. Tuseme: tunahitaji majembe kumi, bei ya soko juma hili ni hii, tayari tumepata manne. Mtu akiona yamebaki sita, anajiona pale pa kuingia.

La nne, hesabu, na hesabu nzima. Siku hizi pesa nyingi zinapita kwa simu, na kuitoa kunakata. Wote munajua. Mtu akituma dola 50, na kuzitoa kukikata tatu, tuandike tatu zimekatwa na 47 zimeingia. Tusifiche ile tatu kwa aibu. Siku atakapoijua kwa mwingine, atafikiri tulikula na nyingine.

Hapa kuna mfano wa majirani zetu. Mwaka 2011 njaa ilipopiga kaskazini mwa Kenya, kulifanyika mchango ulioitwa Kenyans for Kenya. Walilenga shilingi milioni 500 za Kenya kwa wiki nne, na walizivuka. Makampuni yalitoa, lakini watu wa kawaida pia walituma kwa M-Pesa, kila mtu kwa uwezo wake. Njia ya kutuma ilikuwa rahisi, ndiyo. Lakini simu peke yake isingetosha. Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambao watu walikuwa wanaujua kwa kazi, ulikuwa unashika pesa ile, na watu walitangaziwa kiasi kinachoingia. Mtu aliyetuma kidogo alijiona ndani ya ile jumla. Sisi hatuna televisheni. Lakini daftari la mweka hazina tunaweza kulisoma kwa sauti kila mwisho wa mwezi.

La tano, aksanti ya haraka. Siku mbili zisipite. Na aliyepokea aseme mwenyewe, sio sisi kwa niaba yake, kama anataka kusema. Tumuulize mfadhili pia anapenda kutajwa vipi. Kuna ndugu walio Ulaya wanaoogopa kutajwa, kwa sababu wakitajwa leo, kesho wanapigiwa na ukoo mzima. Tuwaheshimu. Mfadhili naye ana haki ya kuulizwa, kama mama mwenye picha.

La sita, tusitume kitu tusichokijua. Siku za volkeno mwaka 2021, na tena Januari 2025, picha za zamani na za nchi nyingine zilizunguka hapa kama ni za leo. Mfadhili akitukuta mara moja na picha isiyo yetu, hata ya kweli hataiamini tena. Tena kuna watu wanaokusanya pesa kwa majina ya vyama vya wenzao. Namba ya kupokelea ni moja, ya mweka hazina, inatangazwa kwenye mkutano. Mukiona nyingine, piga simu kwanza, ulize.

Mbegu iliyooza

Kuna neno gumu tulilotaka kulisema mbele ya wafadhili, kwa sababu wako hapa. Katika msimu ule ule tulinunua mbegu nyingine za maharagwe kwa mchuuzi tuliyemwamini, na katika mashamba fulani hazikuota. Zilikuwa za zamani. Tulilala siku mbili tunajadiliana. Mmoja wetu alisema, tupige picha ya mashamba yale yaliyoota, nani atajua? Kwa kweli hakuna ambaye angejua.

Tuliwapigia wale waliochangia mbegu zile, mmoja mmoja, tukawaambia. Mzee mmoja alinyamaza kwenye simu mpaka tukafikiri mtandao umekatika. Kisha akasema: "Afazali munaniambia kama mbegu ilioza. Bengine banasemaka tu kila kitu iko muzuri." Alicheka kidogo. Akauliza msimu A unaanza lini, na kama safari hii tutajaribisha mbegu kabla ya kununua. Sasa tunafanya hivyo: tunachukua punje chache, tunaziweka kwenye kitambaa chenye maji, tunahesabu zilizochipuka, ndipo tunalipa. Ile akili ilitoka kwa mfadhili. Tungemdanganya, tungekosa pesa yake na akili yake pia.

Mmoja alikasirika na hajarudi. Tunalisema hilo vilevile.

Neno la mzee

Tulipoandaa mazungumzo haya, mzee mmoja wa chama alitukatiza. Alisema, "Sasa munataka tuwe ombaomba wa simu? Tulitoka kambini ili tuache kunyoosha mkono."

Ni neno la kweli, na tulilibeba siku nyingi. Jibu letu ni hili. Ombaomba hana hesabu ya kutoa, na aliyempa hamjui jina. Ninyi ni chama cha kusaidiana. Kabla mtu wa nje hajatoa, mwanachama ametoa franga zake, au siku ya kazi kwenye salongo, au kikombe cha mbegu kwa jirani aliyechelewa kufika. Hayo hatuyaandiki, na ndiyo makosa. Wafadhili wanatuuliza kila mara: wao wenyewe wanatoa nini? Wanachama wanatoa sana, lakini hawahesabu kwa sababu wanaona ni kitu cha kawaida.

Tunapendekeza daftari liwe na sehemu tatu: walichotoa wanachama, walichotoa marafiki, na kilichofanyika. Siku ya kazi ya mtu iandikwe sawa na dola ya mtu. Hapo mfadhili ataona kwamba hasaidii watu waliokaa. Anaingia kwenye likelemba ambayo tayari inazunguka. Na mzee wetu ataweza kumpigia simu bila kuinamisha kichwa.

Kwa ninyi wafadhili

Tunawaomba mambo matatu, kwa heshima. Musituombe picha ya machozi. Mukitaka kujua hali, ulizeni, tutawaambia, na mengine hatutawaambia kwa usalama wa watu. Muwe na subira tukichelewa kujibu. Mara nyingine mtandao umekatika, mara nyingine barabara. Na mukiweza, musitoe kikubwa mara moja mukapotea. Kidogo cha kila mwezi, na salamu pamoja nacho, kinamsaidia mkulima kupanga msimu. Wengi wenu muliwaona watu hawa siku mbaya kuliko zote za maisha yao. Tungependa muwaone sasa, wakiwa wanalima.

Kazi ya mwezi huu

Tunamaliza. Hatuachi kazi kubwa. Vijiji vichague wale watu wawili wa kuchukua sauti. Mweka hazina afungue zile sehemu tatu za daftari.

Na kila mmoja wetu, sisi pia, akumbuke mtu mmoja aliyemsaidia wakati wa kambi. Aliyekupa chumba, aliyebeba mzigo wako kwenye chukudu bila kulipwa, aliyetuma dola kumi kutoka mbali. Kabla ya mkutano ujao, mpigie. Kama huna inite, komite itakupa za dakika tano. Usimwombe kitu. Mwambie tulifika, mwambie tulipanda nini, muulize watoto wake wako namna gani.

Mama yule wa ile picha yuko hapa leo. Tulimuuliza kama tunaweza kusimulia habari yake. Alituuliza tutasema nini, akasikiliza yote, akatoa neno moja aliloona si zuri, kisha akakubali, bila jina. Tunamshukuru.